Antibayotiki za kinga katika upasuaji wa tumbo: dawa gani, kiasi gani, saa ngapi, na lini uache

Mwongozo huu ni wa madaktari, wauguzi wa thieta na wodi, wataalamu wa usingizi na wafamasia wa hospitali za Kanda ya Ziwa, kuanzia hospitali ya wilaya yenye meza moja ya upasuaji hadi ya rufaa. Unahusu ile dozi anayopewa mgonjwa kabla hajapasuliwa tumbo ili mshono usije ukatunga usaha. Hauchukui nafasi ya Mwongozo wa Taifa wa Matibabu wala utaratibu wa hospitali yako. Pale vinapotofautiana, fuata wa kwako, kisha ipeleke hoja kwenye kamati ya dawa na tiba.

Tatizo si dogo huku kwetu. Utafiti uliofanyika katika Hospitali ya Bugando, Mwanza, na kuchapishwa 2011 ulifuatilia wagonjwa 250 waliofanyiwa upasuaji mkubwa, na 26% walipata maambukizi kwenye kidonda. Miongoni mwa yaliyoambatana na maambukizi hayo ni upasuaji wa saa tatu au zaidi, mirija ya kutolea majimaji, uvutaji sigara na magonjwa mengine aliyokuwa nayo mgonjwa. Dozi ya kinga haiwezi kufuta yote hayo. Kazi yake ni moja tu: kuhakikisha kwamba tangu kisu kinapogusa ngozi hadi mshono wa mwisho, damu na nyama za eneo lile zina dawa ya kutosha kuua bakteria watakaodondokea humo.

Ukiishika kazi hiyo moja, mengine yote yanajipanga. Utaona pia kwa nini tunasema makosa mengi hayapo kwenye jina la dawa, yapo kwenye saa. Hospitali inaweza kubishana mwezi mzima kama itumie dawa hii au ile, wakati dozi zenyewe zinachomwa saa nne kabla ya upasuaji au baada ya mgonjwa kushonwa.

Kwanza amua: unakinga au unatibu?

Swali hili lijibiwe kabla hujafungua kabati la dawa, kwa sababu linaamua lini utaacha. Madaktari wa upasuaji hugawa vidonda katika makundi manne.

Kidonda safi ni kile ambacho utumbo, nyongo, njia ya mkojo na kizazi havikufunguliwa, kwa mfano ngiri ya kawaida isiyonyongwa. Kundi la pili ni pale viungo hivyo vinapofunguliwa kwa mpango na bila kumwagika cha kusema: kutoa kifuko cha nyongo, upasuaji wa kujifungua, kidole tumbo ambacho hakijapasuka. La tatu ni kidonda kilichochafuliwa, yaani kinyesi kimemwagika tumboni, au mtu amechomwa kisu na utumbo umetoboka muda mfupi uliopita. La nne ni kidonda kichafu: umefungua tumbo ukakuta usaha, kidole tumbo kilichopasuka tangu juzi, au utumbo uliotobolewa na taifodi.

Makundi mawili ya kwanza ni kinga, na kinga ni dozi ya thieta basi. La nne ni tiba, na tiba ina siku zake. La tatu ndilo linaloleta ubishi. Aliyechomwa kisu akafikishwa thieta ndani ya saa 12, utumbo ukashonwa na tumbo likaoshwa, bado ni wa kinga: dawa isizidi saa 24. Hana haja ya wiki nzima ya sindano kwa sababu tu kinyesi kilionekana.

Jambo lenye maana hapa ni kwamba uamuzi unaweza kubadilika mezani. Uliingia ukidhani kidole tumbo ni kizima, ukakuta usaha. Sema kwa sauti, mtaalamu wa usingizi aandike, na fomu ya maelekezo baada ya upasuaji iseme wazi: "Tiba, siku 4, inaisha tarehe fulani." Pasipo maandishi hayo, wodi itaendelea na sindano hadi mgonjwa aruhusiwe.

Nani anahitaji nini

Bakteria wanaoharibu kidonda cha tumbo wanatoka sehemu mbili: kwenye ngozi ya mgonjwa, hasa stafilokokasi, na ndani ya kiungo unachofungua. Kadiri unavyoshuka kutoka tumbo la chakula kwenda utumbo mpana, ndivyo wanavyoongezeka wale wa jamii ya E. koli na Klebsiela, pamoja na wasiohitaji hewa. Kwa hiyo dawa ya msingi ni moja, sefazolini, na metronidazoli huongezwa pale tu penye bakteria wasiohitaji hewa.

- Ngiri bila kuweka neti (wavu wa kuimarisha ukuta wa tumbo), mgonjwa asiye na hatari ya ziada: hakuna dawa. Ikiwekwa neti: sefazolini 2 g.
- Tumbo la chakula, duodeni, kutoa kifuko cha nyongo kwa mkato wazi, kutoa bandama: sefazolini 2 g.
- Kifuko cha nyongo kwa kamera, upasuaji wa kupanga, bila homa, bila manjano, bila kisukari: hakuna dawa inayohitajika. Mkiona mnalazimika kufungua tumbo, chomeni sefazolini kabla ya mkato mpya.
- Utumbo mwembamba usioziba: sefazolini 2 g. Ulioziba: ongeza metronidazoli 500 mg.
- Kidole tumbo na utumbo mpana: sefazolini 2 g pamoja na metronidazoli 500 mg.
- Upasuaji wa kujifungua: sefazolini 2 g. Kama uchungu umeanza au chupa imepasuka, ongeza azithromaisini 500 mg kwa mshipa ikiwezekana kuipata.
- Kutoa kizazi: sefazolini 2 g.

Mgonjwa mwenye kilo 120 au zaidi apewe sefazolini 3 g.

Upasuaji wa utumbo mpana uliopangwa una nyongeza. Kusafisha utumbo kwa dawa ya kuharisha peke yake hakupunguzi maambukizi. Kinachosaidia ni kuusafisha pamoja na antibayotiki za kumeza siku moja kabla, kwa mfano neomaisini 1 g na erithromaisini 1 g kwa dozi tatu. Hata hapo, dozi ya mshipani thieta haifutwi.

Tukiwa kwenye ngiri, neno moja kuhusu neti. Kuna jaribio kutoka mashariki mwa Uganda, lililochapishwa 2016, lililoonyesha kuwa neti ya bei nafuu iliyotengenezwa kwa kitambaa cha aina ya chandarua ilifanya kazi sawa na ya kiwandani. Wengi wamelisikia nusu. Neti ile iliandaliwa na kutakaswa kwa kiwango, na hakuna antibayotiki itakayookoa neti iliyochemshwa kienyeji.

Kingine cha huku ziwani: kutoa kidole tumbo au bandama kwa mvuvi wa visiwani ukakuta kichocho si jambo la kushangaza. Kichocho hakibadilishi dozi ya kinga hata kidogo. Prazikwanteli atapewa baadaye, kwa uzito wake, na hayo ni matibabu mengine.

Sefazolini haipo. Sasa?

Hali hii inajulikana: kabati limejaa seftriaksoni, sefazolini hakuna. Njia rahisi ni kuifanya seftriaksoni kuwa dawa ya kila kitu. Matokeo yake ni kwamba dawa tunayoitegemea kutibu homa ya uti wa mgongo, nimonia kali na taifodi inamiminwa kwenye ngiri. Shirika la Afya Duniani limeiweka seftriaksoni kwenye kundi la dawa za kuangaliwa, huku sefazolini, jentamaisini na metronidazoli zikiwa kwenye kundi la matumizi ya kawaida. Tafiti za Mwanza zimeonyesha mara kwa mara bakteria wa utumbo wenye vimeng'enya vinavyovunja dawa za jamii ya seftriaksoni, kwa hiyo UVIDA, yaani usugu wa vimelea dhidi ya dawa, si habari ya Ulaya.

Kwa hiyo panga hivi. Kwa utumbo na kidole tumbo, mbadala mzuri wa bei ndogo ni jentamaisini 5 mg kwa kilo, dozi moja, pamoja na metronidazoli 500 mg. Usiwape wenye figo mbovu, na mwambie mtaalamu wa usingizi mapema, kwani jentamaisini huongeza nguvu ya dawa za kulegeza misuli na mgonjwa anaweza kuchelewa kupumua mwenyewe. Kwa upasuaji wa kujifungua, ampisilini 2 g inakubalika. Ikiwa kweli kilichopo ni seftriaksoni tu, toa 2 g mara moja, usiirudie, na usiipeleke wodini. Bora mgonjwa apate dozi moja ya dawa isiyo chaguo la kwanza kwa wakati wake kuliko apasuliwe bila kinga.

Mchanganyiko wa ampisilini na kloksasilini, ambao wengi wameuzoea, hatuupendekezi kwa utumbo. Kwa stafilokokasi wa ngozi una nafasi yake, kwa E. koli wa siku hizi ni dhaifu, na kwa kinyesi kilichomwagika ni kama hujatoa kitu.

Mfamasia aingie hapa. Sefazolini ikiombwa Bohari ya Dawa kwa makadirio ya kweli, yaani idadi ya upasuaji wa mwezi mara vichupa viwili vya 1 g, pamoja na akiba ya dozi za kurudia, inakuwa rahisi kuitetea kwenye bajeti. Ikiombwa kwa kubahatisha, inaishia kuwa ile dawa "iliyokuwepo mwaka juzi".

Kuandaa dozi, hatua kwa hatua

Mpime mgonjwa. Kwa kilo, kwenye mizani, siku hiyo. Mtoto asikadiriwe kwa umri, na mama mjamzito asiandikiwe uzito wa kadi ya kliniki ya miezi mitano iliyopita.

Sefazolini: kila kichupa cha 1 g kiyeyushwe kwa maji ya sindano hadi kupata mililita 10. Tikisa hadi maji yawe maangavu bila chembe. Kwa 2 g una mililita 20; zisukume mshipani taratibu kwa dakika 3 hadi 5.

Metronidazoli huja kwenye chupa au mfuko wa mililita 100 wenye 500 mg, yaani 5 mg kwa kila mililita. Inapita kwa dripu ndani ya dakika 20 hadi 30. Kwa sababu ndiyo inayochukua muda, ndiyo ianze. Ikiachwa iwe ya pili, mtakuta chupa bado inaning'inia imejaa nusu wakati daktari ameshafika kwenye utumbo.

Jentamaisini ya kawaida ni ampuli ya 80 mg kwa mililita 2. Mtu wa kilo 60 anahitaji 300 mg, sawa na mililita 7.5, yaani ampuli tatu na robo tatu ya ya nne. Ichanganye kwenye mililita 100 za chumvi maji na uipitishe kwa dakika 30. Ukiona mtu mzima amepewa ampuli moja ya 80 mg "ya kinga", ujue huyo hajakingwa. Usiichanganye kwenye sirinji moja na dawa za jamii ya penisilini au sefazolini, maana zinaharibiana.

Seftriaksoni 2 g ipite kwa dripu ya mililita 100 za chumvi maji, dakika 30. Isikutane na Ringa laktati kwenye mrija mmoja, kwani hushikana na kalsiamu na kutengeneza chembe. Suuza mrija kwanza. Kwa kichanga wa hadi siku 28 anayepewa maji yenye kalsiamu, usiitumie kabisa. Na ile iliyoyeyushwa kwa lidokeini kwa ajili ya kuchoma msuli kamwe isiingie kwenye mshipa.

Watoto: sefazolini 30 mg kwa kilo isizidi 2 g, metronidazoli 15 mg kwa kilo isizidi 500 mg, jentamaisini 2.5 mg kwa kilo. Mtoto wa kilo 16 mwenye kidole tumbo, basi, anapata sefazolini 480 mg, ambazo kwenye kichupa kilichoyeyushwa hadi mililita 10 ni mililita 4.8, na metronidazoli 240 mg, ambazo ni mililita 48 za ile chupa ya 100. Zipime mililita 48 kwa bureti au sirinji uzitenge. Kumfungia mtoto chupa nzima ukisema "nitaifunga ikifika katikati" ndiko kunakozaa dozi maradufu.

Saa

Mwaka 1961 majaribio kwa wanyama yalionyesha kwamba dawa ikiingia saa tatu baada ya bakteria kupandwa kwenye kidonda, ni sawa na kutotoa. Mwaka 1992 utafiti wa hospitali moja ya Salt Lake City, Marekani, uliofuatilia wagonjwa 2,847, uliyaona hayo kwa binadamu: waliopewa dawa ndani ya saa mbili kabla ya mkato, walioambukizwa ni 0.6%, waliopewa mapema zaidi ya hapo, 3.8%, waliopewa saa tatu au zaidi baada ya mkato, 3.3%. Tazama vizuri: kuwahi mno kuliumiza kama kuchelewa.

Sababu yake ni ya kimwili. Kidonda kikishafunguliwa, damu inaganda na kuwafunika bakteria ndani ya utando. Dawa inayokuja baadaye inazunguka nje. Na iliyotolewa mapema mno imeshachujwa na figo kabla kisu hakijaanza.

Kanuni ya kazi: sefazolini iingie yote ndani ya dakika 60 kabla ya mkato, na tunapendelea dakika 15 hadi 45. Metronidazoli iwe imekwisha kabla ya mkato. Shirika la Afya Duniani linaruhusu hadi dakika 120, lakini kwa dawa inayotoka haraka mwilini kama sefazolini usiutumie mwanya huo.

Kwa vitendo, hii ina maana kwamba dozi haitolewi wodini. Huu ndio utaratibu tunaoupigania kuliko mwingine wowote. Orodha ya upasuaji inasema wa kwanza saa 2:30 asubuhi. Muuguzi wa zamu ya usiku, kwa nia njema, anawachoma wagonjwa wote watano saa 12:00 kabla ya kukabidhi zamu. Wa kwanza anaingia saa 3:15 kwa sababu umeme ulikatika na jenereta ilichelewa. Wa tano anaingia saa 8:00 mchana. Kwenye mafaili yote watano "wamepata kinga". Kwa ukweli hakuna hata mmoja.

Dawa iende na mgonjwa, ikiwa kwenye kichupa kilichofungwa, imebandikwa jina lake. Anayeitoa ni mtaalamu wa usingizi. Metronidazoli ifunguliwe mgonjwa anapolazwa mezani, sefazolini isukumwe wakati wa kumlaza usingizi au mara ganzi ya mgongo ikishakamata. Katika upasuaji wa kujifungua usisubiri kukata kitovu. Huo ni mtindo wa zamani, uliotokana na hofu ya dawa kumfikia mtoto, na unamnyima mama kinga wakati mkato wake uko wazi.

Orodha ya usalama wa upasuaji ya Shirika la Afya Duniani, ambayo ilijaribiwa katika hospitali nane duniani ikiwemo ya Ifakara na matokeo yake kutolewa 2009, ina swali hili: je, antibayotiki imetolewa ndani ya dakika 60 zilizopita? Lijibiwe kwa kutaja saa. "Ndiyo, tayari" si jibu. "Sefazolini saa 3:10, sasa ni 3:32" ni jibu.

Hapohapo kuna mtego wa maandishi. Mmoja anaandika "saa 3:10" akimaanisha asubuhi, mwingine anaandika "09:10", wa tatu "3:10" tupu. Kwenye faili tumieni mfumo mmoja wa saa 24, wote, hata kama mdomoni mnasema saa tatu na dakika kumi.

Kurudia dozi mezani

Sefazolini irudiwe kila baada ya saa 4, ikihesabiwa tangu dozi ya kwanza ilipotolewa, si tangu mkato. Ampisilini saa 2. Klindamaisini saa 6. Seftriaksoni, metronidazoli na jentamaisini kwa kawaida hazirudiwi kwenye upasuaji mmoja. Damu ikipotea zaidi ya mililita 1,500 kwa mtu mzima, au zaidi ya mililita 25 kwa kilo kwa mtoto, rudia sefazolini hata kama saa 4 hazijatimia, kwa kuwa dawa imetoka pamoja na damu. Mtaalamu wa usingizi aandike saa ya kurudia juu kabisa ya chati yake mara tu anapotoa ya kwanza.

Mgonjwa wa rufaa

Tangu daraja la Kigongo–Busisi lilipofunguliwa 2025, mgonjwa wa Sengerema hangoji kivuko tena. Wa Ukerewe bado anavuka maji. Anafika na karatasi iliyoandikwa "ceftriaxone 1 g stat" bila saa, tumbo limekakamaa, na timu inasema "ameshachomwa."

Kwanza, aliyemchoma kituoni hakukosea. Mwenye dalili za utumbo kutoboka apewe dawa ya tiba mara moja, asisubiri thieta wala chombo cha kuvuka. Kosa ni kuihesabu dozi ile kama kinga ya mkato utakaofanyika saa saba baadaye. Mpe dozi nyingine ya dawa hiyohiyo ndani ya dakika 60 kabla ya mkato, na metronidazoli kama hakupewa. Kituo kinachotoa rufaa kiandike mambo manne: dawa, miligramu, njia, saa.

Akishapasuliwa, siku za dawa zihesabiwe kuanzia chanzo cha usaha kilipodhibitiwa, yaani tundu limezibwa na usaha umetolewa. Jaribio la Amerika Kaskazini la 2015 lilionyesha kuwa baada ya chanzo cha usaha kudhibitiwa tumboni, takriban siku 4 za dawa zinatosha. Kuendelea zaidi hakukuongeza faida. Taifodi ni tofauti. Pale ugonjwa upo mwili mzima, si tumboni tu, na tiba yake huenda siku 10 hadi 14. Ngozi ya tumbo lililojaa usaha inaweza kuachwa wazi na kushonwa baada ya siku 3 hadi 5. Hilo mara nyingi linamsaidia mgonjwa kuliko dawa ya tatu kuongezwa.

Mzio

"Nina aleji na penisilini" ichunguzwe kwa maswali mawili: ulipata nini, na baada ya muda gani? Kichefuchefu au kuharisha si mzio. Upele mdogo wa zamani haumzuii mtu kupata sefazolini, kwani umbo lake linatofautiana vya kutosha na penisilini. Kuvimba midomo, kubanwa pumzi, presha kushuka, au ngozi kubabuka na kuchubuka: huyo asipewe. Kwa utumbo na kidole tumbo mpe jentamaisini na metronidazoli. Kwa upasuaji wa kujifungua na mkato mwingine, klindamaisini 900 mg na jentamaisini. Adrenalini iwepo mezani kwa kila mgonjwa, awe na historia au asiwe nayo.

Kuacha

Kinga inaisha mshono unapoisha. Mrija wa kutoa majimaji si sababu ya kuendelea. Katheta si sababu. Homa ya siku ya kwanza, mara nyingi, si sababu. Mchunguze mgonjwa, mapafu, mkojo na malaria, kabla ya kurudisha sindano.

Tunajua shinikizo lilivyo. Ndugu wameona mgonjwa wa kitanda cha jirani anachomwa asubuhi na jioni, wa kwao hachomwi, wanauliza kama dawa imeisha wakanunue. Muuguzi awajibu bila kuwakwepa: "Mama, sindano yake ilikuwa ya kumkinga wakati wa kupasuliwa, ameshaipata. Hizi nyingine hazikilindi kidonda, zinamletea kuharisha na wadudu sugu. Tunamfuatilia kidonda kila siku." Ni maneno ya nusu dakika, na yanazuia safari ya duka la dawa.

Vidonge vya "kumalizia nyumbani" kwa siku tano baada ya upasuaji safi navyo viachwe. Na kanula inayobaki mkononi kwa ajili ya sindano zisizohitajika ni mlango wa bakteria kwenye damu. Itolewe.

Mambo ambayo dawa haiwezi kuyafidia

Nywele zisinyolewe kwa wembe; ikibidi, zipunguzwe kwa mashine siku hiyohiyo. Ngozi ipakwe dawa yenye spiriti na iachwe ikauke kabisa, kwa usalama wa kidonda na pia kwa sababu spiriti mbichi na mashine ya kuchomea mishipa hushika moto. Mgonjwa asipoe, na sukari ya mwenye kisukari ipimwe kabla.

Halafu kuna hili ambalo ni rahisi na halifanyiki: kabla ya kufunga ukuta wa tumbo, timu ibadilishe glavu na kutumia vyombo safi vya kushonea. Jaribio lililotolewa 2022, lenye wagonjwa zaidi ya 13,000 katika nchi saba zikiwemo Rwanda, Ghana na Nigeria, lilishusha maambukizi kutoka 18.9% hadi 16.0% kwa hatua hiyo peke yake. Tenga mapema trei ndogo yenye kishika sindano, koleo, mkasi na glavu, uifunike, isiguswe hadi wakati wa kufunga.

Kujipima

Chukua mafaili 20 ya upasuaji wa tumbo ya mwezi uliopita, bila kuchagua. Chora safu tano: uzito umeandikwa, dawa na kipimo ni sahihi, dakika kati ya dozi na mkato, dozi ilirudiwa pale ilipotakiwa, iliachwa lini. Safu ya tatu itakuwa na mapengo mengi kuliko zote, kwa sababu ama saa ya dozi ama saa ya mkato haikuandikwa. Anzeni na hiyo. Bandikeni ukutani thieta idadi ya waliopata dozi ndani ya dakika 60 kati ya 20, bila majina ya watu, rudieni mwezi unaofuata, na msiibadilishe dawa hadi namba hiyo ipite 18.